Nilisema Nimejaribu

Garissa, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Sahra, mwanangu,

Nilisema nimejaribu, na sikuwa nimejaribu. Hakuna mtu anayelijua jambo hili. Ayeyo, bibi yako, halijui, Mwalimu Salat halijui. Habiba analijua nusu, kwa sababu lilimuumiza, lakini hakulisikia kutoka kinywani mwangu. Nakuomba ulisome, kisha usimwambie mtu.

Utacheka kuona nimekuita mwanangu. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza Form Four mwaka jana tu, na wewe una kumi na minne. Lakini kwetu mdogo wa mama ni habaryar, mama mdogo, na tangu dada yangu alipofariki ukiwa darasa la pili, jina hilo limekuwa kazi. Mimi ndiye niliyekusuka nywele, vibaya mwaka wa kwanza, vizuri kidogo baadaye. Mimi ndiye niliyekuja kusimama mbele ya mwalimu wako nikiwa bado navaa sare kama wewe. Kwa hiyo nitaandika kama mama, na pale nitakaposhindwa utajua ni kwa nini.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala kufuli la sanduku, wala kukaa karibu na dirisha basi likivuka daraja. Ayeyo amekuambia hayo tangu wiki jana na atakuambia tena kesho alfajiri. Mimi nataka kukuambia habari za kompyuta ile uliyokuwa ukiichukia, kwa sababu ilinichelewesha kurudi nyumbani.

Unakumbuka yule mhandisi wa visima aliyeondoka baada ya ile mvua kubwa. Alimwachia Mwalimu Salat kompyuta moja, printa, na boksi la sidii. Mwalimu alikuwa amestaafu, akakodi chumba nyuma ya soko la mifugo ili watu waandikiwe barua na fomu zao. Habiba alikuwa mchapaji. Alitoka Bute, nyumbani kwao wanasema Kioromo, kwetu Kisomali, kwa hiyo chumba kile kilizungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Mimi nilikwenda kujifunza kuchapa nikisubiri matokeo ya mtihani. Wiki ya kwanza sikusema zaidi ya salamu.

"Abaayo," Habiba aliniambia siku moja, akitumia neno letu la dada kunichokoza, "hata mbuzi ya Bute iko na maneno kushinda wewe. Ukiumwa na nyoka hapa utatuandikia barua?"

Nilicheka. Ndipo tukaanza kuwa marafiki.

Kompyuta ile haikuwa na Windows. Mhandisi alikuwa ameifuta akaweka Linux, na katika sidii zake kulikuwa na programu nyingi ambazo hazikuwa tayari. Zilikuja kama maandishi. Mtu yeyote anaweza kuyafungua akayasoma, mstari kwa mstari, na akiona kosa anaweza kulirekebisha. Lakini mashine haiwezi kuyatenda mpaka yakompailiwe, yaani yageuzwe kutoka maandishi ya mtu kuwa kitu cha mashine. Mhandisi alituachia daftari lenye amri za kuandika. Habiba hakulitaka. Mimi nililichukua, kwa sababu daftari halikuulizi kitu mbele ya watu.

Mwalimu alitaka programu ya kuandika majina kwenye jedwali na kuyachapa. Moja ilikuwepo kwenye sidii, kama maandishi. Nikaanza nayo.

Amri ya kwanza huitwa configure. Ukiiandika, inaanza kuiuliza mashine ina nini. Unayo hii? Yes. Unayo ile? Yes. Unayo hii nyingine? No. Ikifika kwenye kitu kinachokosekana, inasimama hapohapo na kukuambia inahitaji nini. Nilisimamishwa mara sita. Kila mara nilitafuta kile kilichopungua katika boksi la sidii, nikakikompaili chenyewe kwanza, kisha nikarudi mwanzo. Siku tatu zilikwenda hivyo. Habiba akiniona nimeegemea mkono husema, "Imesema nini leo?" Nami hujibu, "Imesema no." Naye husema, "Walahi, hiyo mashine ina adabu. Ingekuwa mtu wa Garissa ingesema inshallah."

Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu hapo. Mashine ile ilisema hapana bila kuona haya. Mimi sijawahi kuweza. Nilipokuwa na miaka tisa, Awowe, babu yako, aliniuliza kisimani kama nimewatazama mbuzi wote kabla ya kuwaondoa. Palikuwa na watu wazima, wote wananitazama. Nikasema ndiyo. Mbuzi jike mwekundu alibaki nyuma kwenye vichaka na fisi wakamla. Awowe hakunipiga. Alisema tu, "Ungesema bado, tungengoja." Nilifikiri nimejifunza. Nilijifunza kuwatazama mbuzi, basi.

Amri ya pili huitwa make. Hiyo ndiyo inayofanya kazi yenyewe, na kwa mashine yetu ilichukua siku nzima na nusu, kwa sababu ni nzee na kwa sababu stima ya mji huu unaijua. Lakini make ina akili moja ambayo niliipenda sana. Stima ikikatika, hairudii yote. Inaangalia saa. Kila faili la maandishi lina saa ya lilipoandikwa mwisho, na kila faili lililogeuzwa lina saa ya lilipogeuzwa. Kama maandishi ni mapya kuliko kile kilichogeuzwa, inageuza tena. Kama ni ya zamani, inasema kazi hiyo imekwisha, inapita. Kwa hiyo saa ikiwa sawa, hakuna jasho linalopotea.

Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta yetu ilikuwa imekufa. Kila ikizimika hudhani ni mwaka wa themanini, na kila ikiwaka lazima mtu aiambie tarehe na saa. Habiba alikuwa ameandika kwa wino mwekundu juu ya skrini: IAMBIE SAA.

Programu ilipokuwa tayari, Habiba aliingiza majina. Ilikuwa ile orodha ya wasichana waliomaliza darasa la nane, wanaoombewa wafadhili wa karo. Wewe ulikuwemo. Mwalimu alikuwa amesema mara mbili: kila msichana aandikwe majina matatu, lake, la baba na la babu, kwa sababu hapa kwetu majina mawili hayamtoi mtu mmoja kati ya wengi. Habiba akaandika matatu. Kwenye skrini yalionekana yote. Tulipochapa ukurasa wa majaribio, karatasi ikatoka na mawili. Walioiandika programu, huko walikokuwa, walidhani mtu ana jina na jina la ukoo, yamekwisha.

Nilifungua maandishi nikatafuta mahali pale. Sikuwa najua lugha ile vizuri, lakini nilipaona. Mistari minne tu. Nilifurahi sana. Kabla sijaigusa, saa tisa alasiri, stima ikakatika.

Ilirudi adhana ya alasiri ikiadhiniwa. Mashine ikaamka, ikauliza saa. Nilikuwa na haraka, nilitaka kurekebisha mistari yangu. Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi, kama anavyosema kila mtu mjini. Nikaandika kumi.

Mashine haihesabu kuanzia alfajiri kama sisi. Kwake kumi ni saa nne ya asubuhi. Kwa hiyo iliamini kuwa asubuhi imerudi. Programu iliyogeuzwa ilikuwa na saa ya mchana ule, na mistari yangu minne, iliyoandikwa baadaye, ikapewa saa ya asubuhi. Nilipoandika make, ikaangalia saa zake, ikaona maandishi ni ya zamani kuliko kazi iliyokwisha kufanywa. Ikasema kila kitu kiko sawa. Ilijibu kabla sijaondoa kidole.

Hapo ndipo nilipaswa kujua, Sahra. Kazi ile haiwezi kwisha kabla hujaondoa kidole. Hata kwa faili moja tu ilitakiwa nusu saa. Niliona, na kitu ndani yangu kikaniambia hapana, lakini nilikuwa na furaha na sikutaka kuiharibu. Ulikuwa unanisubiri dugsi, pale madrasani, tukachukue maziwa. Habiba alikuwa na karatasi mkononi, kwa sababu basi la Nairobi lilikuwa libebe orodha alfajiri.

"Umejaribu?" akaniuliza. "Majina yote iko?"

"Iko," nikasema. "Nimejaribu."

"Basi nachapa kesho mapema nikifunga barua. Nenda, mtoto wako anangoja."

Yeye aliniamini kiasi hicho. Asubuhi alichapa gizani kabla ya basi, akaweka kwenye bahasha bila kusoma, kwa sababu mimi nilisema nimejaribu.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Wafadhili waliwakubali wote, lakini waliandika kwamba jina moja lilikuwa limerudiwa, kwa hiyo wamefuta moja. Jina hilo lilikuwa Sahra Mohamed.

Wewe ni Sahra Mohamed Adan. Kulikuwa na mwingine, Sahra Mohamed Issack, wa Griftu, aliyeomba shule ileile. Kwenye karatasi mlikuwa mtu mmoja. Nafasi ilikuja moja, na kwa kuwa Mwalimu anaijua nyumba yetu, ililetwa kwetu. Ayeyo alichinja mbuzi. Unakumbuka kwamba sikula. Nilisema tumbo.

Mwalimu alimwita Habiba, nami nilikuwa chumbani. Siku hiyo stima haikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na skrini ya kumwonyesha mtu. Alikuwa na nakala ya orodha mkononi. Hakupandisha sauti, kama kawaida yake.

"Nilisema majina matatu, Habiba. Hapa kila mtoto ana mawili. Ulichoka?"

"Mwalimu, mimi naandika tatu. Kila mmoja tatu. Naapa."

"Karatasi inasema mawili."

"Karatasi ni ya hiyo programu! Muulize Nimo. Nimo alisema amejaribu."

Mwalimu akanigeukia. "Nimo, ulijaribu?"

Ni neno dogo, Sahra. Bado. Awowe alikuwa amenipa neno hilo miaka tisa kabla. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Nilijaribu, Mwalimu," nikasema.

Habiba alinitazama kidogo. Hakuonekana na hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akasema, "Haya. Basi ni mimi." Akachukua mtandio wake na kikombe chake cha chai, na juma lilelile akapanda lori la Wajir kurudi kwao Bute.

Kesho yake stima ilirudi. Nikiwa peke yangu niliorodhesha mafaili nikaona saa: mistari yangu minne imeandikwa saa nne asubuhi ya siku ambayo saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani nafua shuka. Nikaelewa kila kitu pale pale. Nikaweka saa sawa, nikakompaili upya, nikachapa. Majina matatu yakatoka, safi. Kwa kufanya hivyo nilifuta kitu pekee kilichokuwa kinasema kwamba Habiba hakuwa mvivu. Tangu siku ile programu ikichapa vizuri Mwalimu hutikisa kichwa na kusema, "Unaona? Mashine haikuwa na kosa."

Jambo la mwisho ni hili. Siku kumi zilizopita alikuja mzee mmoja akiwa ameuza ngamia sokoni, nguo zake bado zina vumbi la njia. Mwalimu alikuwa msikitini. Mzee alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na viatu.

"Binti yangu," aliniambia kwa Kisomali, "nimesikia majina yametoka. Nitazamie la mwanangu, Sahra Mohamed Issack, wa Griftu. Yeye ndiye anayenisomea barua zangu."

Nikafungua faili. Nikajifanya natafuta.

"Halimo, abti," nikasema.

Akashukuru. Alisema Mungu hupanga vizuri. Akaniombea dua, mimi, nipate mume mwema.

Hivi ndivyo nilivyo, mwanangu. Watu husema Nimo ni mpole, Nimo hana maneno. Usiuchukue upole wangu ukaenda nao shuleni. Sehemu kubwa yake ni woga uliovaa buibui.

*

Baada ya alasiri

Niliacha hapo juu, nikakunja karatasi. Wewe ulikuwa uani unamwonyesha Ayeyo jinsi sketi mpya inavyozunguka. Niliposoma mstari wa kwanza niliona kwamba nakupa mzigo wangu upande nao basi. Ungefika shuleni ukijua kitanda unacholalia huenda ni cha mwingine, na umekatazwa kusema. Mimi ningebaki hapa nimepumua. Nimekulea miaka saba, sikukulea kwa hilo.

Nikavaa, nikaenda ofisini. Nilimwambia Ayeyo nakwenda kununua bahasha, na kweli nilinunua.

Mwalimu alikuwa anasoma gazeti la juzi. Sikuweza kuanza kwa mdomo. Nilikaa kwenye mashine, nikaiandikia saa, sawasawa safari hii, nikachapa orodha ile upya kwa majina matatu, nikaiweka mbele yake. Kando nikaweka nakala ya zamani, yenye mawili.

"Nini hii?" akasema.

"Ni orodha moja, Mwalimu. Habiba aliandika hii. Programu ikachapa ile. Nilisema nimejaribu, na sikuwa nimejaribu."

Nilimweleza saa. Nilimweleza mistari minne. Nilisema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema chumbani mle, na nilifika mwisho. Mwalimu aliweka kidole kwenye Sahra mmoja, kisha kwenye wa pili.

"Baba wa huyu wa Griftu alikuja kuuliza?"

"Alikuja. Nilimwambia halimo."

Akavua miwani. "Miaka thelathini nimefundisha watoto kusema 'sijui'," alisema. "Hamsemi." Hakuwa akiongea nami hasa. Kisha akasema, "Na mimi nilimuuliza Habiba kama alichoka. Hiyo ni yangu, si yako. Barua ya Habiba nitaiandika mwenyewe, kwa mkono."

"Atarudi?"

"Ningekuwa yeye nisingerudi."

Tukaandika barua kwa wafadhili. Tumewaambia kwamba kuna Sahra wawili, kwamba kosa ni la ofisi yetu, kwamba tunaomba nafasi ya pili. Mwalimu alitia sahihi. Aliniambia nitie na yangu chini yake, nikatia. Habari ya Griftu itakwenda Jumamosi na wenye malori ya ngamia, wamwambie mzee asimwoze binti yake wala asimpeleke malishoni mbali mpaka majibu yaje.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Na mtoto? Anajua?"

"Bado, Mwalimu."

Nilisema bado. Imetoka kirahisi kuliko nilivyodhani.

"Mwambie kabla basi halijaondoka. Asije akaambiwa na wageni."

Kwa hiyo nakuambia. Barua ile ya wafadhili itakwenda na basi lako, chini ya kiti cha dereva, kwenye bahasha ya kahawia. Mtavuka daraja pamoja. Huenda wakaongeza nafasi. Huenda wakasema nafasi ni moja, wakazitazama alama zenu, na alama za mwenzako sizijui. Ikiwa hivyo utarudi, na sanduku lako, na sketi yako, na kila mtu mtaani ataniuliza mimi. Nitajibu. Ukinikasirikia usinifiche. Nimechoka na nyumba ambayo kila mtu ndani yake ni mpole.

Mwanzoni nilikuomba usimwambie mtu. Sikukata mstari ule, nimeuacha uone nilikuwa nani mchana huu. Sasa sikuombi tena. Ayeyo nitamwambia mwenyewe mara tu basi likipita kizuizi cha polisi, maana nikimwambia kabla atakushusha, au atanishika nisimame mbele yako nikilia, na hutapenda kuondoka na sura hiyo. Wewe mwambie unayetaka.

Juu ya bahasha hii nimeandika majina yako yote matatu. Jumatatu watawaita kwa daftari, wageni watupu, ukumbini, na atakayeita atasoma mawili tu, kwa sababu ndivyo walivyopewa. Utaona haya, najua, ni haya zangu hizo. Watu wote watageuka. Mwalimu wa huko ataita Sahra Mohamed, na wewe, kabla hujasema niko, simama umuulize ni Sahra Mohamed yupi.

Habaryar wako,
Nimo